Kobe wetu analala kwenye friji

Mama mkwe alipokuja kututembelea hapa Leicester, Uingereza, ilikuwa Januari, na hakuna aliyekumbuka kumtahadharisha. Akafungua ile friji ndogo ya kibandani akitafuta maziwa. Nikasikia, "Yarabi! Siku hizi mnakula kobe?"

Hakuwa kitoweo. Ni Tausi, kobe wa aina ya Hermann, ambao asili yao ni kusini mwa Ulaya na wakati wa baridi hulala. Wafugaji wengi wa hapa huwalaza kwenye friji kwa sababu baridi yake haibadilikibadiliki, nyuzi 5 hivi. Wiki kadhaa kabla ya hapo hatumlishi, maana chakula kikibaki tumboni kitaoza. Akishalala, kila siku tunafungua mlango apate hewa, na kila Jumapili mwanangu anampima kwa mizani na kuandika gramu zake daftarini.

Urafiki wao ulianza na machozi. Tulipomleta nilimwambia mwanangu, "Mzoee, atakupenda." Kosa langu. Mtoto akawa anambeba kama paka, na kila akimwinua, kobe anakojoa. Daktari wa wanyama akatueleza kuwa hiyo ni hofu, tena anapoteza maji anayoyahitaji mwilini. Mtoto akalia njia nzima: "Kumbe hanipendi."

Kwa hiyo kama una mtoto, usimwahidi mapenzi ya paka. Mwambie akae chini, aweke majani karibu na mguu wake, asubiri. Sisi ilituchukua kiangazi kizima. Siku moja Tausi akatoka mwenyewe kwenye kivuli, akampanda mguuni, akala. Siku hizi akiona tu viatu vya mwanangu anakuja mbio, kama kobe ana mbio. Anamjua anayemlisha. Mwanangu anaita mapenzi, nami simbishii.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila akishikwa, na habari ya kumbusu isahauliwe: kobe hubeba salmonela. Taa yake ya UVB, ile inayotoa miale kama ya jua, ibadilishwe kwa ratiba ya mtengenezaji hata kama bado inawaka, kwani miale huisha kabla ya mwanga. Usilipe senti kabla hujaona cheti kinachoruhusu auzwe na namba ya chipu iliyo mwilini mwake, aina hii inalindwa kisheria. Ndugu zangu mlioko Kenya, msiokote kobe porini mkamfuga. Bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa.

Na muulizane mapema nani atamrithi. Kobe huyu anaweza kupita miaka 50, mimi nina 44. Mwanangu keshaandika jina lake mwenyewe kwenye jalada la daftari.

Mwezi Machi tulimwamsha, tukamkalisha kwenye beseni la maji vuguvugu, akainamisha kichwa akanywa muda mrefu. Bibi alikuwa kwenye simu kutoka Tanga, anatazama. "Msogeze hapa," akasema, "nimuone macho."