Ukienda Ukerewe kwa tanga, ondoka alfajiri

Mara ya kwanza kuvuka Ziwa Victoria kwenda kisiwa cha Ukerewe kwa mtumbwi wa tanga tuliondoka Kayenze, karibu na Mwanza, saa nne asubuhi, kwa sababu mwenzangu alikuwa bado anatafuta chapati. Jioni tukaibukia kwenye mwalo, yaani bandari ndogo ya wavuvi, ambao hata hatukuukusudia, tumelowa chapachapa. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akaitikia shikamoo zetu, kisha akauliza, "Wajukuu, mmetoka saa ngapi?" Nikamwambia. Akawaita wenzake: "Njooni muwaone, hawa wametoka saa nne!"

Walipomaliza kucheka walitueleza, na tangu siku hiyo nafuata ratiba yao. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hivyo alfajiri upepo hutoka pwani na kukusukuma ziwani taratibu. Jua likipanda unageuka. Ikifika saa nane unakuwa umechachamaa, unavuma kutoka majini. Ziwa Victoria ni pana lakini kina chake si kikubwa, penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi, na mawimbi yake ni mafupi, yanafuatana bila kukupa nafasi ya kufua maji. Basi ng'oa nanga saa kumi na moja, saa sita uwe kivulini unasubiri sato. Ila tazama ziwani kwanza. Ngurumo za huku hupenda usiku na alfajiri. Ukiona radi upande wa maji, rudi ulale.

Kuanzia Juni hadi Agosti kusi itakupeleka kaskazini kwa raha. Kurudi ni kupiga bisho, yaani kwenda kwa kona kona dhidi ya upepo, tenga siku za ziada.

Kitu kingine ni miamba. Mawe yale ya Mwanza yanayopigwa picha hayaishii nchi kavu. Mengine yako chini ya maji, hayana alama. Usiku mmoja kamba yangu ya nailoni ilisuguliwa na jiwe, asubuhi nikaikuta imebaki nyuzi tatu. Siku hizi kabla ya kutia nanga nashusha jiwe dogo lililofungwa kamba, chini yake nimelipaka sabuni ya mche. Likirudi na mchanga, natia nanga. Sabuni ikirudi imekwaruzwa tu, nasogea.

Angalia pia mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao, na nyavu zimetapakaa, kwa hiyo usisafiri. Asubuhi kina mama wanaanika dagaa mchangani. Omba ruhusa kabla ya kutandaza tanga lako hapo. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wako nchi kavu. Kelele hadi usiku wa manane, lakini hapo ndipo utapata mtu wa kukuchorea mchangani mwamba ulipo.

Jaketi okozi usilivue kwa kuwa umeona gati. Feri ya MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220.

Na usishukie kwenye maji yaliyotulia yenye majani, hata kama ni magotini tu. Konokono wa kichocho hukaa humo. Ukirudi mjini, subiri kama wiki sita kisha ukapime, hata kama hujisikii chochote. Mimi sikuwa najisikia chochote, nikakutwa nacho.