Usimpe wakala karatasi halisi za mzee!

Nimesoma swali lako mara mbili, moyo unanienda mbio. Mzee wako ana hemofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda, alidungwa Factor VIII, dawa ya kugandisha damu, Uingereza miaka ya 1980, ikamwambukiza homa ya ini C, na sasa wakala anataka bahasha yote ya karatasi zake "afuatilie" fidia ya serikali kwa asilimia. Usimpe. Hata moja.

Sisi tulimpa. Marehemu kaka yangu alikuwa akijidunga nyumbani. Chupa zilikaa kwenye friji ubavuni mwa maziwa, na kila akimaliza huandika tarehe na namba ya toleo la dawa iliyo kwenye chupa, kwenye daftari la bluu, kurasa nyingine zina alama ya damu ya kidole. Dawa ile ilichanganywa kutoka plazma, yaani majimaji ya damu, ya maelfu ya watu, nyingine ikinunuliwa Marekani, hata kwa wafungwa. Tarehe na namba ya toleo ndizo zinazosema ulidungwa nini, lini. Daftari lile lilikuwa dhahabu, na mimi ndiye niliyelipeleka kwa mkono wangu.

Wakala alikuwa mtu wa kwetu, msikiti mmoja, namwamkia shikamoo. Akasema, "Lete daftari, mwanangu, hospitali nakala zote zipo." Mwongo mkubwa! Hospitali ilijibu kwa mistari miwili: faili lilishateketezwa. Nikarudi kwa wakala, kahama, simu haipatikani. Ombi likakataliwa kwa kukosa ushahidi. Kaka alikuwa akiniuliza kila Ijumaa kama daftari limerudi, mpaka tukamzika.

Ripoti ya Mei 2024 ya Jaji Brian Langstaff, aliyeongoza uchunguzi wa Uingereza kuhusu damu yenye maambukizi, imesema wazi kuwa kuna nyaraka za serikali zilizoharibiwa makusudi. Kama za wizara zilipotea, za mzee wako zitasalimika vipi kwenye mkoba wa mtu baki?

Faili liombeni wenyewe, kwa maandishi, kwa sahihi ya mzee. Ni bure, na kwa kawaida wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Ombeni hospitali, ombeni kwa daktari wake wa mtaa, ombeni na kwenye hifadhidata ya taifa ya wagonjwa wa hemofilia, ina kumbukumbu tangu 1968. Mamlaka ya fidia nayo haitozi kitu kupokea ombi, sasa hiyo asilimia ni ya nini?

Leo usiku piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, halafu bahasha irudi kabatini kwa mama.