Huzuni Baada ya Kujifungua

SWALI: Assalaam alaykum, Shangazi. Nilijifungua mtoto wangu wa pili hapa Arua, Uganda, wiki tisa zilizopita, na tangu siku za mwanzo nalia bila sababu ninayoweza kuieleza. Mtoto akilala mimi sipati usingizi, chakula hakipiti, na hata kumbeba mwanangu nafanya kwa kuwa ni lazima tu. Nilidhani nifasi, yaani damu ya uzazi, ikiisha na nikarudi kwenye sala nitatulia, lakini nasimama juu ya msala moyo ukiwa mtupu. Mama mkwe anasema mwanamke anayemkumbuka Mwenyezi Mungu hafikwi na hali hii. Je, imani yangu imepungua?
Mama wa wawili, Arua

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu, na Mwenyezi Mungu akukuzie mtoto. Hapana, hali hii si kipimo cha imani yako. Huzuni na machozi ya siku chache za kwanza huwapata wazazi wengi na hupita yenyewe. Yako imefika wiki ya tisa, pamoja na kukosa usingizi na hamu ya kula, kwa hiyo huenda ni sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na si jambo la kuendelea kulisubiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona.

Fungua Sura Maryam, aya ya 23 hadi ya 26, uisome taratibu. Bibi Maryam, aliyeteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa kwa neno hilo. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito chini yake, akaambiwa autikise mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe na jicho lake litulie. Tena akaelekezwa asiseme na mtu siku ile, hata wenye maneno asiwajibu. Kila nikiisoma aya hii huumia nikifikiri jinsi sisi wanawake tunavyomwendea mzazi na lawama kabla ya kumpelekea uji. Naye Nabii Yaakub alimlilia Yusufu hadi macho yake yakawa meupe, akasema kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake, na hakuna Mwislamu anayethubutu kusema kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Kuhusu sala, shikilia za faradhi kwa sura fupi, na usijilaumu kwa sunna zinazokupita. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisikia mtoto analia huifupisha sala ya jamaa kwa kumhurumia mama yake. Unaposujudu, mwombe Mola wako kwa lugha yako ya nyumbani hata kama huhisi kitu, kwa sababu dua haingoji moyo uchangamke. Na usingizi wako una haki: sahaba Salman alimwambia sahaba mwenzake Abu Dardaa, aliyekuwa akikesha kwa ibada, kwamba nafsi yake ina haki juu yake, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Basi usibishane na mama mkwe. Mwombe kwa upole amchukue mtoto baada ya Alfajiri ulale, kwani huenda akapendelea kusaidia kuliko kushauri.

Hayo yote hayachukui nafasi ya tiba, na Mtume mwenyewe aliamuru watu watafute matibabu. Chanjo ya wiki ya 10 imekaribia; siku hiyo mweleze mkunga maneno yale yale uliyoniandikia, bila kuyapunguza kwa haya, naye akuelekeze kwenye kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiandikiwa dawa, sema kwamba unanyonyesha, kwa kuwa zipo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia. Lakini likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje chanjo: mwambie mumeo saa hiyo hiyo, asikuache peke yako, na mwende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.