Karakana ya Wasomaji: Datsun ya Mjomba Chini ya Mjakaranda

SWALI: Mheshimiwa Fundi, nakusalimu. Marehemu mjomba wangu aliniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la Kijapani, ambayo imekaa miaka 11 nyuma ya nyumba yetu hapa Lanet, Nakuru, chini ya mjakaranda, bila kuwashwa. Injini haizunguki. Marafiki wananishauri niing'oe, niweke injini ya Toyota 2JZ yenye tabochaja, kisha nimpelekee fundi wa rangi gari lipakwe nyekundu na boneti nyeusi, kama lile lililoshinda mbio za Safari. Nina kibanda cha mabati, mashine ya kuchomelea kwa vijiti na akiba ndogo ya kila mwezi. Nianze wapi? – Msomaji wa Lanet, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuondokewa na mjomba. Gari alilokuachia lina heshima yake katika nchi hii. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, baada ya kulingana kwa alama na mwenzake wa timu ya Datsun, Harry Källström. Nakuelewa kabisa unapotamani ile nyekundu na nyeusi. Hata hivyo, rangi ndiyo kazi ya mwisho kabisa, na injini ni ya pili. Kazi ya kwanza ni sakafu.

Sababu ni kwamba gari hili halina chesi ya peke yake ambayo bodi hufungwa juu yake kama ilivyo kwa lori au Land Rover ya zamani. Bodi yenyewe ndiyo chesi: sakafu, mihimili myembamba iliyo chini yake na vizingiti vya milango ndivyo vinavyobeba injini, magurudumu na watu. Vikioza, gari linaweza kung'aa kwa nje na huku ndani limekwisha. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana pale Njoro, nililipa fundi wa bodi afunike kutu ya vizingiti kwa filla (dongo la kujazia bodi) na kupaka rangi juu yake, nami sikumuuliza lolote kwa sababu nilikuwa na haraka ya kulitembeza gari mjini. Mvua za masika zilipokwisha, rangi ilikuwa imeumuka kama andazi, na nilipoibonyeza kwa kidole gumba, kidole kiliingia ndani. Fedha yote ile ilipotea, na kazi ikabidi ianze upya kutoka chini.

Basi ondoa viti na mazulia, kisha ubandue ile tabaka nyeusi ya lami ambayo kiwanda kiliibandika sakafuni ili kupunguza kelele, kwa maana maji hujificha chini yake na kula bati taratibu bila mtu kuona. Ipashe moto kidogo, uiinue kwa patasi butu. Halafu inua gari juu ya stendi imara (jeki peke yake haitoshi, na tafadhali usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki), ulale chini na mpini wa nyundo ndogo, ugonge sakafu hatua kwa hatua. Bati zima hulia kama debe. Bati lililooza hutoa mlio mfu, kama kadibodi iliyolowa, na pengine vumbi jekundu litakudondokea usoni, kwa hiyo vaa miwani. Chunguza kwa makini zaidi chini ya sinia ya betri, ambako asidi hudondoka kwenye mhimili kwa miaka mingi, pamoja na shimo la gurudumu la akiba. Na kwa kuwa gari lako limekaa chini ya mjakaranda, fungua matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele: sina shaka yamejaa majani na maua yaliyogeuka kuwa udongo, na maji yaliyokosa njia yamekuwa yakiingia ndani ya gari kila mvua inaponyesha.

Ukikuta sehemu za kukata, usiguse kizingiti chochote kabla hujachomelea fito za chuma kukingama kwenye uwazi wa kila mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Bila fito hizo bodi itajikunja kidogo tu, milimita chache ambazo jicho haliwezi kuziona, lakini milango haitafunga tena. Fanya upande mmoja kwanza, umalize, ndipo uhamie wa pili. Viraka vya sakafu havihitaji kuagizwa Japani. Kata kadibodi, iweke juu ya tundu, uipunguze kwa mkasi mpaka ikae sawasawa, kisha uipeleke kwa mafundi wa jua kali wenye mashine ya kukunja bati, wakukatie umbo hilo kutoka bati jeusi la geji 18, yaani unene wa milimita 1.2 hivi. Nimewaona mafundi wa Nakuru wakitoa mikunjo safi mno kutoka kwenye kadibodi ya sanduku la sabuni. Usikubali bati la mabati ya paa, kwa sababu zinki yake huharibu mchomeleo na moshi wake ni sumu.

Mashine yako ya vijiti, iliyo nzuri kwa geti, ni kali mno kwa bati la gari. Itatoboa mahali unapotaka kuziba. Azima au kodi mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya mwembamba, na uchomelee kwa nukta zilizotengana, ukihama huku na huku ili bati lisijipinde kwa joto. Kabla ya cheche ya kwanza, tangi la petroli liwe limeshatolewa na kuwekwa mbali kabisa na kibanda. Tangi tupu si salama: mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Kuhusu injini, usiihukumu kwa kuwa haizunguki. Hiyo ni L24, silinda sita kwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, na ni miongoni mwa injini zinazovumilia sana kupuuzwa. Toa plagi zote, mimina mafuta mepesi kidogo katika kila silinda, uiache kwa siku kadhaa, kisha ujaribu kuizungusha kwa mkono ukitumia spana kwenye nati ya krenki, mbele na nyuma, bila kulazimisha. Usitumie stata. Mara nyingi huachia. Ikizunguka vizuri, rekebisha nafasi za vali zikiwa baridi: milimita 0.20 kwa vali za kuingiza hewa na 0.25 kwa za kutolea moshi.

Ushauri wa 2JZ siukubali, na nasema hivyo kwa kuipenda injini hiyo. Giaboksi, difu, breki za ngoma za nyuma na bodi yenyewe havikuundwa kwa nguvu kama hizo, kwa hiyo utajikuta unajenga gari jingine ndani ya lile la mjomba. Aidha, namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani ya Kenya, baada ya ukaguzi, kama vile rangi. Ukihitaji nguvu zaidi siku za usoni, L28 ya familia hiyo hiyo hukaa palepale. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza magari ya kawaida yaliyozidi miaka minane, bodi ya 240Z iliyo tayari nchini ni mali isiyopatikana kirahisi. Fanya mabadiliko ambayo mtu mwingine anaweza kuyarudisha: mfumo wa cheche wa kielektroniki badala ya pointi (swichi ndogo ya zamani inayokata umeme wa plagi), rilei (swichi za umeme) za taa za mbele ili swichi ya zamani isiungue, mikanda ya usalama ya kisasa, bushi mpya. Taa za ziada za Safari zifunge kwa bolti kwenye bampa, wala usitoboe boneti.

SWALI: Fundi, MGB yangu ya 1967, gari la michezo la Kiingereza lenye kabureta mbili (vichanganyio vya petroli na hewa) za chapa ya SU, hukimbia vizuri hapa Kisumu, lakini nikipita Kericho kuelekea Nakuru hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Je, kabureta zimekufa? – Msomaji wa Milimani, Kisumu

JIBU: Hazijafa. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Kericho mita 2,000 hivi. Hewa inakuwa nyepesi lakini kabureta inaendelea kumwaga petroli karibu ileile, kwa hiyo mchanganyiko unazidi petroli. Hakikisha kwanza kichujio cha hewa ni safi na choki inarudi mpaka mwisho. Kisha, injini ikiwa imepata joto na inanguruma, inua pistoni ya kabureta kwa kipini chake kadiri ya milimita moja: mlio ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi, ukidhoofika, imepungua. Kupunguza petroli, zungusha nati iliyo chini ya kabureta ipande, upande mmoja wa zile pande zake sita kwa mara moja, na kabureta zote mbili kwa kiasi kilekile. Andika hesabu ya pande hizo kwenye karatasi uibandike chini ya boneti, kwa sababu ukirudi Kisumu ni lazima uzirudishe kabla ya kukimbiza gari: petroli ikipungua kwenye hewa nzito ya ziwani, vali za kutolea moshi huungua.