Kwa nini chai ya Posta ina bei tano

Katikati ya Dar es Salaam, kutoka Posta ya Zamani, ukapita Sanamu ya Askari mpaka Kisutu, ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu. Ndani ya robo saa hiyo utakuta chai ya maziwa ya shilingi 500, ya 1,000, ya 2,000, ya 4,000, na ukiingia hoteli kubwa utaletewa ya 10,000 au zaidi. Majani mara nyingi ni yale yale ya Mufindi, Rungwe au Njombe. Watu wengi wakiona hivyo wanasema wa juu wanatuibia, au wa chini wanapika ovyo. Mimi na dada yangu tumeendesha mgahawa Posta kwa miaka kadhaa, chai na vitafunwa asubuhi, wali samaki mchana, na ninachokiamini ni kwamba bei ya chai mjini inapangwa na kiti kuliko majani, maziwa na sukari vikiwekwa pamoja.

Chukua mfano wa fremu ya pango la 1,500,000 kwa mwezi, yenye viti 24. Posta hufanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa na Jumamosi nusu siku. Ukitoa sikukuu, unabaki na kama siku 24 za kuuza, lakini mwenye nyumba anahesabu mwezi mzima. Gawanya sasa: kila siku ya kazi inatakiwa itoe 62,500 za pango peke yake, na kila kiti kitoe kama 2,600 kabla hujanunua hata kipande cha tangawizi. Kiti kikikaliwa na watu kumi kwa siku, kila mmoja anabeba 260. Kikikaliwa na watu wawili, kila mmoja anabeba 1,300.

Hapo ndipo pa kuangalia unapoingia mahali. Kwa mama lishe, saa saba mchana, mtu anakula huku mwingine amesimama nyuma yake anasubiri. Hakuna anayeambiwa aondoke, ila benchi lenyewe, jua na foleni vinamwambia. Kwenye mkahawa wenye kiyoyozi, sofa na intaneti ya bure, mtu anaagiza kikombe kimoja saa nne asubuhi, anafungua kompyuta, na saa sita bado yupo. Anayo haki kabisa, ameshalipia: zile 4,000 zina saa mbili za kiti ndani yake, na umeme, na choo safi.

Kuna mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alinijia kaunta siku tuliyopandisha chai kutoka 1,500 kwenda 2,000.

"Mwanangu, hapo nje chai ni mia tano. Ya kwenu imeongezwa nini?"

"Shikamoo mzee. Karibu ukae nikuonyeshe."

Nilimfungulia daftari kwenye ukurasa wa mwezi uliopita. Alishuka na kidole taratibu: maziwa, gesi, LUKU, mishahara, NSSF, taka, maji, mpaka alipofika kwenye mstari wa pango. Akakisimamisha kidole hapo, akauliza kama ni wa mwaka. Nikamwambia ni wa mwezi. Akaagiza chai.

Pango lenyewe halilingani hata kwa majengo yanayotazamana. Posta na Kisutu kuna majengo mengi ya zamani ya Shirika la Nyumba la Taifa, baadhi yakiwa yale yaliyotaifishwa mwaka 1971. Aliyepanga humo miaka mingi mara nyingi analipa chini ya bei ya soko, na ndiyo maana unaweza kukuta mgahawa mkongwe wenye feni za zamani na meza za marumaru ukiuza chai na sambusa kwa bei inayowashangaza majirani. Jirani yake aliyeingia juzi amemlipa dalali mwezi mmoja na mwenye nyumba miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Hawawezi kuuza bei moja, hata wakinunua unga duka moja.

Kwenye maghorofa mapya tatizo lilikuwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilishavuka 2,600. Mwenye mkataba wa dola aliona pango likipanda bila mwenye nyumba kuandika barua. Mwenye mkataba wa shilingi, barabara hiyo hiyo, hakuguswa. Machi 2025 kanuni zikakataza kupanga bei kwa fedha za kigeni nchini, jambo lililotakiwa kufanyika mapema zaidi, lakini bei zilizopanda kwenye menyu sijaziona zikishuka.

Kahawa nayo ina hesabu inayowashangaza wengi. Kikombe cha kahawa ya mashine hutumia gramu 18 hivi za kahawa iliyosagwa, kwa hiyo kilo moja inatoa vikombe kama 55. Hata ukinunua kahawa nzuri ya Mbinga au Kilimanjaro kwa 30,000 kilo, kila kikombe kina kahawa ya kama 550 tu. Ukiuziwa 6,000, zilizobaki ni maziwa, mashine, fundi wa mashine, kijana aliyefundishwa kuitumia, na kiti. Ndiyo maana muuza kahawa mwenye dele anaweza kukumiminia kikombe chake kidogo kwa sarafu chache. Anapika kwa mkaa kidogo, anauza akitembea, anagonganisha vikombe vyake, na wateja wake wanakunywa wamesimama au wamekaa kwenye benchi la kijiwe lisilokuwa lake. Kahawa yake ni chungu na nzuri, na kashata ikiwepo mimi sioni sababu ya kuidharau mbele ya ile ya 6,000.

Mama lishe naye msidhani hana gharama. Ananunua maji kwa ndoo, analipa ulinzi wa vyombo usiku, na anaishi na hofu ya kuhamishwa. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo walipoondolewa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, waliohamia kwenye fremu walikutana na pango kwa mara ya kwanza, na bei ya sahani ikaongezeka. Tena yeye ndiye anayeumia zaidi bidhaa zikipanda. Angalia sukari ya mwanzoni mwa 2024. Serikali ilitangaza bei elekezi ya kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo, lakini mitaani ilifika 4,000, kwingine 5,000. Kikombe cha chai kinachukua gramu 15 hivi, kwa hiyo ongezeko linafika kama shilingi 30 kwa kikombe. Mwenye chai ya 4,000 hahangaiki na 30. Mwenye chai ya 500 amepoteza sehemu kubwa ya faida yake, na hawezi kuuza 530 kwa sababu ya chenji. Anapunguza kipimo, au anavumilia.

Kodi pia ina ngazi zake. Ukiuza zaidi ya shilingi milioni 200 kwa mwaka unatakiwa kusajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 100 Julai 2023. Kwa siku zetu za Posta hiyo ni kama 700,000 kwa siku. Mgahawa ukivuka hapo, katika kila bili ya 10,000 yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake, 1,525 si zake. Na mgahawa una VAT kidogo ya manunuzi ya kukata humo, kwa sababu nyanya, vitunguu na samaki wa soko la Feri havina VAT. Kwa hiyo migahawa miwili yenye chakula sawa inaweza kupishana bei kwa sababu mmoja umevuka mstari na mwingine haujavuka.

Kama unataka kufungua mgahawa, usianze kwa kunakili bei ya jirani. Huujui mkataba wake. Nenda kwenye fremu unayoitaka Jumamosi saa kumi jioni na Jumatatu saa mbili asubuhi, ukae, uhesabu watu wanaopita. Uliza nani anabeba kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango. Sheria inataka ikatwe kwenye pesa ya mwenye nyumba, lakini wengi wanataka pango lifike kamili mkononi, na hapo ile 1,500,000 inakuwa karibu 1,667,000 kwako. Uliza na jenereta inalipiwaje. Ndipo upange bei.

Kama wewe ni mteja, chagua mahali kwa kuangalia utakaa muda gani. Una dakika kumi na njaa, mama lishe atakutendea haki kuliko mtu yeyote mjini. Una kikao cha saa mbili na mgeni, lipa ile 4,000 kwa moyo mweupe, ila uliza kabla ya kuagiza kama bei iliyoandikwa ina VAT na kama kuna tozo ya huduma, na uchukue risiti ya EFD. Ukitaka chai ya kubeba, uliza bei ya kubeba hata kama haijaandikwa ubaoni. Mwenye mgahawa anayejua hesabu zake atakupunguzia. Sisi tulikuwa tunapunguza 500 kwa yeyote aliyekuja na chupa yake ya chai, kwa sababu alituachia kiti na kikombe cha karatasi.