Kuingia mashindano ya picha: kazi iko kwenye kuchagua

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye kamera ya kawaida na miaka miwili ya kupiga harusi na send-off atapata chochote akiingia mashindano ya picha, au atakuwa anawachangia waandaaji tu. Atapata, hata asiposhinda. Ila faida yote iko kati ya siku anayosoma tangazo na siku anayobonyeza "tuma". Wengi hufungua folda usiku wa mwisho, wakachukua picha iliyopata laiki nyingi Instagram, wakatuma, kisha wakakaa kusubiri barua pepe. Hapo hakuna somo, kwa sababu mashindano makubwa hayakuambii picha yako imeachwa kwa nini. Majibu itabidi uyatafute mwenyewe, na unayatafuta wakati wa kuchagua.

Anza miezi mitatu kabla. Kusanya picha kama 40 unazoziamini, kisha zichapishe zote ndogo, sentimita 10 kwa 15, kwenye studio yoyote ya mtaani. Zitandaze mkekani. Simu inakuonyesha picha moja moja, kwa hiyo kila moja inaonekana nzuri. Mkekani ndipo utakapoona kwamba picha sita zinasema jambo lile lile, na kwamba karibu zote umezipiga ukiwa umesimama wima, kwa urefu wa macho yako. Ziache wiki nzima. Ukirudi, mwite mtu ambaye hakuwepo siku ulipopiga, mpe picha moja bila maelezo, na umuulize anaona nini. Akianza kutaja ndoo ya bluu iliyoko nyuma kabla ya kumtaja mtu, ujue ndoo imemshinda mhusika wako. Usibishane naye, maana jaji naye hatakuwa na wewe pembeni wa kumfafanulia.

Tuchukue mfano wa mnada wa samaki katika soko la Feri, Dar es Salaam, alfajiri. Una fremu 14 ulizozipiga ndani ya sekunde 20. Fremu ya 3, dalali kapanua mdomo na mkono uko juu, lakini kichwa cha mnunuzi kimeshikana na nguzo iliyo nyuma yake, huoni kimoja kinaishia wapi. Fremu ya 11 ni kali, rangi zimekaa vizuri, kila mtu ametulia. Fremu ya 7 mkono wa dalali umetikisika kidogo, lakini kati ya kiwiko chake na uso wa mama mchuuzi kuna upenyo wa mwanga unaowatenganisha, na jicho la mama limeganda kwenye fungu la changu. Aliyezoea harusi atatuma ya 11, kwa sababu mteja wa harusi hulipia usafi. Kwenye mashindano, fremu ya 7 ndiyo inayofika mbali: ina watu wawili wenye matakwa tofauti, na inasomeka hata ikiwa ndogo kama stempu. Hilo la stempu lijaribu kila mara, kwa kuwa raundi ya kwanza picha hutazamwa kwa muda mfupi sana.

Fremu hiyo hiyo inakuambia pia cha kurekebisha. Kama mikono inatikisika kwenye picha zako zote bora, shata yako (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ni ya polepole mno. 1/60 ya sekunde haisimamishi mkono unaonadi, panda 1/250 na uiache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ifike 3200. Chenga kidogo (vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa) hazimwangushi mtu, mtikisiko usiokusudiwa humwangusha. Kama vichwa vinashikana na nguzo mara kwa mara, sogea nusu hatua kushoto au kulia kabla ya kupiga. Hili ndilo somo ambalo watu wanadhani watalipata kwa majaji.

Kuhusu mahali pa kuanzia, anza na yasiyo na ada. World Press Photo, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1955, haitozi, ingawa ni ya wapiga picha wa habari na wa masimulizi ya kweli. Tangu shindano la 2022 kazi hugawanywa kwanza kwa kanda kulingana na mahali zilikopigwa, kwa hiyo picha ya Kigoma inapambana kwanza na picha nyingine za Afrika. Sony World Photography Awards nayo ni bure, na kipengele chake cha wazi hupokea picha moja moja, kwa hiyo kinamfaa anayeanza. HIPA, mashindano ya picha ya Dubai yaliyoanza 2011, ni bure vilevile. Karibu na nyumbani kuna Uganda Press Photo Award, iliyoanza 2012. Jihadhari na mashindano yanayotoza kila picha, yenye vipengele visivyohesabika, ambayo karibu kila aliyelipa hupewa "heshima" kisha akauziwa cheti. Hayo hayakufundishi kuchagua, yanakufundisha kulipa.

Soma vigezo na masharti yote, hasa kipengele cha haki. Mwandaaji kuitumia picha yako kutangaza shindano na maonyesho yake, kwa muda uliotajwa, ni jambo la kawaida. Ukikuta amejipa haki ya milele, bila malipo, kwa matumizi yoyote, pamoja na kuwapa wengine, hapo anakusanya picha za matangazo kwa bei ya zawadi moja. Achana naye. Shindano la Wiki Loves Africa, lililoanza 2014, liko tofauti: picha zinaingia Wikimedia Commons, hazina ya picha zinazotumiwa na Wikipedia, kwa leseni huria, yaani mtu yeyote anaweza kuzitumia, hata kibiashara, mradi akutaje na afuate leseni. Hilo limesemwa wazi tangu mwanzo na kazi inafaidisha umma, lakini leseni ukishaitoa hairudi. Usipeleke huko picha unayotaka kuiuza.

Sasa faili. Kamera ya megapikseli 24 inatoa pikseli (nukta za picha) 6000 kwa 4000. Ukikata ukabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, umebaki na 3000 kwa 2000, yaani megapikseli 6. Kwa pikseli 300 kwa inchi hiyo inachapika vizuri kwa upana wa inchi 10 tu, na picha ya maonyesho inataka zaidi. Kwa hiyo jongea kwa miguu, usitegemee kukata. Hifadhi JPEG yenye mfumo wa rangi wa sRGB isipokuwa masharti yameagiza vingine, maana mfumo wa Adobe RGB kwenye skrini nyingi hupauka. Usiweke jina lako, nembo wala mpaka wa urembo pembeni mwa picha, kwa sababu majaji wengi hutakiwa wasijue ni kazi ya nani. Na usihamishe picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida: inapunguza pikseli na kufuta taarifa za kamera. Itume kama dokyumenti, au tumia waya.

Kwenye kuhariri, kosa linalowaangusha wengi wa kwetu ni kuinua vivuli mpaka ngozi nyeusi ikawa ya kijivu. Ngozi nyeusi ina mng'ao, uache. Pima mwanga usoni, si kwenye kanzu nyeupe iliyo pembeni, na uangalie histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ili kanzu isiungue, yaani isigeuke weupe mtupu.

Faili ghafi la RAW usilifute kamwe. World Press Photo hulidai kwa kazi zinazokaribia fainali, na mwaka 2015 asilimia 20 ya kazi zilizofika raundi ya kabla ya mwisho ziliondolewa kwa kuongeza au kufuta vitu. Mwaka huohuo tuzo ya mfululizo wa picha kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, ilifutwa baada ya kubainika kwamba picha moja ilipigwa Brussels. Wildlife Photographer of the Year, mashindano ya picha za wanyamapori ya London, ilimvua taji mshindi mkuu wa 2009 kwa sababu waamuzi waliona mbwa mwitu wake huenda alikuwa wa kufugwa, na 2018 ikafuta ushindi wa picha ya mnyama mla-mchwa kutoka Brazili iliyoonekana kuwa na mnyama aliyekaushwa. Kwa hiyo zana ya simu inayofuta watu nyuma usiiguse kwenye picha ya habari wala ya wanyamapori. Kurekebisha mwanga, kontrasti na rangi kwa kiasi hukubalika, kuhamisha au kufuta kitu hakukubaliki.

Maelezo ya picha nayo yanahukumiwa. "Maisha ya sokoni" hayaelezi kitu. Andika nani, anafanya nini, wapi, lini, na jambo moja ambalo picha haiwezi kulisema: "Dalali akinadi mafungu ya changu kwa wachuuzi katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, alfajiri. Wachuuzi hawa huwakaanga samaki na kuwauza mitaani siku hiyohiyo." Uliza jina la mhusika na umwombe ruhusa papo hapo. Mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi.

Ukifika kwenye mfululizo, yaani picha kadhaa zinazosimulia jambo moja, Sony kwenye kipengele cha wataalamu wanataka picha 5 hadi 10. Si lazima ufike 10. Jaribu kuondoa moja moja: kama hadithi haijapungua, hiyo haikuhitajika. Wengi wana picha nne za nyuso na hawana hata moja ya mahali, ya mikono kazini, wala ya watu wawili wakitazamana.

Matokeo yakitoka, fungua washindi wa kipengele ulichoingia, uweke ya kwako katikati yao kwa ukubwa uleule. Andika tofauti tatu unazoziona: umbali wa mpiga picha, mwelekeo wa mwanga, tendo. Chagua moja uifanyie kazi hadi msimu ujao. Weka na daftari la picha gani ilikwenda wapi, kwa masharti gani, ikafika raundi ipi, kwani mashindano mengine hayapokei picha iliyokwisha kushinda kwingine.

Na saa. Mwisho ukiandikwa 13:00 GMT (saa za London zisizo za kiangazi), kwetu ni saa 10 jioni. 23:59 GMT ni saa 8 na dakika 59 usiku, tarehe ya pili yake. London wakiwa kwenye saa za kiangazi, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, tofauti yetu nao ni saa mbili, si tatu. Tuma siku mbili kabla, kwa sababu dakika za mwisho tovuti huelemewa, na faili la megabaiti 20 kwenye bando la usiku linaweza kukatikia asilimia 90.