Jibu: Mdudu mwenye umbo la mwiba
Ndugu yangu wa Kigamboni, mdudu wa pichani unayeuliza kama ndiye aliye kwenye mibaazi yako ni Umbonia crassicornis, ambaye makazi yake ni Mexico, Amerika ya Kati na ya Kusini, pamoja na kusini mwa Florida. Hufyonza utomvu wa vitawi, hasa vya miti jamii ya mikunde. Malezi yake yanastaajabisha: jike hutaga ndani ya gome, huwalinda wanawe hadi wakomae, nao wakivamiwa na nyigu hutikisa kitawi kwa pamoja kumwita mama. Walio kwenye mibaazi yako si yeye, bali ni jamaa zake wa hapa Afrika. Nimewakuta Dar es Salaam wakipapaswa na sisimizi waitwao maji moto, wanaotafuta umajimaji wao mtamu.